Lundo la Mabuti Chini ya Ngazi

Wakipaka mashua lami pale ufukweni mwa kitongoji chetu cha Bredäng, pua yangu hurudi utotoni, ndani ya meli ya matanga ya karne ya kumi na tisa iliyofungwa gatini. Mama alitupeleka kuitazama siku moja ya baridi, watoto kumi wa kanisani. Yeye alibaki juu. Sisi tulishuka hadi chumba cha chini, na kwa adabu za nyumbani tukavua mabuti chini ya ngazi.

Ghafla moshi mweusi ukatoka jikoni mwa meli.

"Moto! Tokeni!" mtu akapiga kelele kutoka juu.

Wote wakakimbilia ngazi, na wote wakainama kutafuta viatu. Njia ikazibwa na makalio. Mdogo wangu alikuwa nyuma kabisa, akikohoa.

"Kaka, buti langu la kushoto silioni!"

"Liache, we! Unataka kuwa mshikaki?"

Nikayapiga mateke mabuti yote yakapotelea gizani. Hapakuwa tena na cha kutafuta, wakapanda. Nikamvuta mdogo wangu, tukatokea kwenye theluji tukiwa na soksi tu.

Mama akatuhesabu mara mbili. "Mmetimia?"

"Tumetimia, mama. Ila huyu kaiva kidogo, mwonje."

Hakucheka mtu. Mdogo wangu hakuniachia mkono mpaka tulipofika nyumbani Skärholmen, nami sikumwambia auachie.