Nilimfuata fundi wa jineri Bariadi anipe dawa ya kumkomesha kaka yangu, akanikalisha kwenye gunia la mbegu nihesabu pumzi

Wakuu, salaam.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Nachungulia, nacheka, naondoka. Leo naandika mwenyewe. Haya yalinitokea mimi, na sehemu kubwa ya ubaya uliomo niliufanya mimi, kwa hiyo sina faida yoyote ya kudanganya. Wale wa "hii chai" karibuni, njooni na vikombe vyenu.

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu mtu anafundisha meditation. Kakaa kwenye zulia, nyuma kaweka sauti ya maji yanatiririka, na watu wanamlipa. Nikamwambia mwanangu, hiyo kitu nilifundishwa Bariadi miaka ya tisini, nimekalia gunia la mbegu za pamba, bure. Akacheka. Ndio maana nimeamua kuandika.

Wakati huo Simiyu kama mkoa haijazaliwa, Bariadi tulikuwa Shinyanga. Soko huria ndio limeingia. Pamba tuliyozoea kupeleka ushirika ikaanza kugombewa na wanunuzi binafsi, na mmoja wao akachukua jineri iliyokuwa imelala misimu miwili. Jineri ni kile kiwanda cha kuchambua pamba, nyuzi huku mbegu kule.

Nilipata kazi pale kwa sababu nilikuwa na form four na Kiingereza cha kuombea maji. Mwenye kiwanda alikuwa amemleta fundi kutoka Sri Lanka kufufua mashine, na fundi alihitaji mtu wa kumtafsiria. Alikuwa anaitwa Sunil. Mwembamba, mvi kidogo, kandambili mwaka mzima.

Sunil alikuwa na tabia moja. Kila asubuhi kabla injini haijawashwa, anakaa kwenye gunia mbele ya mashine, anakunja miguu, anafumba macho. Nusu saa hivi hasogei. Inzi anatembea puani, yeye kimya.

Sasa tuelewane. Sisi ni Wasukuma. Mashine imekufa misimu miwili, mgeni anakuja, anakaa mbele yake amefumba macho, na wiki ya tatu mashine inanguruma. Ungefikiria nini?

Habari zikaenea mpaka Mkula kwamba jineri ya Bariadi imeleta mganga wa kutoka ng'ambo. Watu wakaanza kuja na kuku. Huyu ng'ombe wake hawazai, yule mkewe kaondoka. Mimi ndio natafsiri. Sunil anawaambia yeye ni fundi tu, wanaitikia kwa heshima na kumwachia kuku, maana mganga mkubwa lazima akatae kwanza. Na nyama alikuwa hali. Wale kuku wakawa wanazurura kiwandani wananenepa kwa makombo yetu, na hakuna aliyethubutu kuwagusa.

Mimi nilicheka na wengine. Lakini moyoni na mimi nilikuwa na shida yangu, nilikuwa nasubiri siku.

Shida yenyewe ni kaka yangu Masanja.

Kwetu ni kijiji kimoja upande wa Nkololo. Mwaka mmoja kabla sijaingia jineri, wezi walivamia ng'ombe wa baba mbugani, mchana kweupe. Ukapigwa mwano. Mwano ni ule ukelele wa hatari, na ukisikika, kila mwanaume anatupa alichoshika na kukimbilia unakotokea. Hakuna cha nina homa wala nakula.

Baba alikimbia na upinde wake, na umri ule. Mimi nilikuwa mjini siku hiyo. Masanja alikuwa analima shamba lililo jirani na mbuga kabisa, na hakutokea. Kuna mtu alimwona amelala kifudifudi katikati ya pamba.

Baba alipigwa mshale wa tumbo. Alikaa siku tatu, akafa.

Mkutano wa sungusungu, ule ulinzi wetu wa kijiji, ulipoitwa, mimi ndiye niliyesimama. Hakuna aliyenituma. Nikasema huyu si mwenzetu, atengwe.

Kwa wasiojua, kutengwa kwetu si mchezo. Hakuna wa kukuamkia wala kuitikia salamu yako. Hupewi moto, huchoti maji wengine wakiwa kisimani, ukiugua hupakiwi kwenye mkokoteni, ukifiwa unazika mwenyewe. Na anayekusemesha anatengwa na yeye.

Mji wa Masanja na wa mama ulitenganishwa na uzio wa minyaa tu. Mama hakuruhusiwa kumsemesha mwanawe. Basi kila asubuhi alikuwa anamleta mbuzi wake mpaka kwenye minyaa, anaanza kuongea na mbuzi kwa sauti. "We mbuzi, leo nimeamka mguu unauma. We mbuzi, mvua ikinyesha wiki hii tutapanda." Upande wa pili Masanja anasikiliza, hajibu. Sungusungu walijua. Ila sheria ilikataza kumsemesha Masanja, haikutaja mbuzi.

Mimi hilo la mbuzi liliniudhi. Niliona mama anamsaliti baba. Kumtenga Masanja hakukunitosha. Nilikuwa naamka na sura yake na kulala na sura yake, na nikawa naona ni lazima apatwe na kitu kibaya zaidi ndio nipumue.

Siku moja nikabaki na Sunil nyuma ya stoo ya mbegu, nikamwambia nataka dawa. Nikamweleza yote. Nikamwambia hata asipomuua, ampooze.

Hakushtuka wala hakunihubiria. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hasira iko wapi? Mahali gani ya mwili?"

Nikamwambia kifuani. Akasema, "Kesho asubuhi kaa na mimi. Angalia hiyo."

Nikajua ndio masharti ya dawa yanaanza. Kesho yake nikawahi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kaa wima, fumba macho, fuata pumzi. "Pumzi ingia, jua. Pumzi toka, jua." Unahesabu mpaka kumi, ukipotea unaanza moja. Wakuu, wiki nzima sikuwahi kuvuka nne. Nahesabu moja, mbili, tatu, nashtuka niko mbugani nampiga Masanja. Narudi moja.

Nilimlalamikia kwamba haifanyi kazi. Akasema, "Umejua umepotea. Hiyo ndiyo kazi."

Aliniambia kwao ni Wabudha, na hivyo ndivyo wanavyofundishwa tangu utotoni. Hakuniambia niache kanisa. Mimi ni Mkatoliki na mpaka leo Jumapili nipo.

Kama mwezi hivi nikaanza kuona kitu cha ajabu. Ile hasira niliyodhani ni jiwe moja, ukiikalia kimya inakuja na kuondoka. Inapanda, inachoma, inashuka yenyewe. Na chini yake kulikuwa na kitu kingine kabisa, nacho ni msiba wa baba ambao sikuwahi kuulilia. Nililia palepale kwenye gunia. Sunil akaendelea kufumba macho yake.

Ndipo akanipa hatua ya pili. Baada ya pumzi, unawatakia heri watu wanne kwa zamu. Wa kwanza wewe mwenyewe. Wa pili unayempenda. Wa tatu mtu usiyemjua vizuri, mpita njia tu. Wa nne yule mliyekosana. Kila mmoja unamwambia moyoni: uwe salama, uwe bila hofu, moyo wako upumzike.

Wa kwanza nilimaliza haraka, nani hajitakii mema. Wa pili mama. Wa tatu mwanamke mmoja aliyekuwa anauza viazi getini, mtu wa Meatu, simjui hata jina. Wa nne nikifika nafumbua macho, nasimama, naenda kupaka mashine grisi.

Miezi ikaenda hivyo. Sunil alikuwa ananiuliza, "Wa nne?" Namwambia bado. Anasema haya.

Msimu wa pili wa pamba, mchana mmoja, mkokoteni ukaingia kiwandani kutoka kwetu. Mwenye mkokoteni tulikua pamoja. Akashusha pamba yake, akaniita pembeni.

"Jilala, kwa yule mtu wenu kuna msiba. Kale katoto kake ka kike. Kalishikwa homa, hakakupata wa kukapakia kwenda zahanati. Nimepita pale namwona anachimba mwenyewe."

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Sijakwambia mimi."

Mtoto huyo alizaliwa baba yake akiwa ameshatengwa. Aliitwa Kabula. Sikuwahi kumwona.

Nikarudi kwenye mashine. Nikienda, natengwa na mimi, na pale kijijini nina mama, nina shamba, nilikuwa nimeanza na mambo ya kuposa. Nisipoenda, mtoto wa mama yangu anamzika mwanawe peke yake kwa neno lililotoka mdomoni mwangu. Nikamwambia Sunil. Nilitaka aniamulie.

Alizima injini. Kiwanda kizima kikanyamaza, watu wakageuka. Akaenda akaitoa baiskeli yake ukutani, akanikabidhi usukani.

"Wa nne," akasema. Basi.

Nikapiga pedeli. Nilifika jua limeanza kulala. Ili kufika kwa Masanja lazima ukatize uwanja ambao watu wengi huwa wamekaa jioni, na walikuwepo. Wakaniona nashuka, wakaona nakunja kuelekea kule.

Hapo ndipo miguu yangu ilianza kutetemeka, wakuu. Nasema ukweli. Mtu mzima, giza halijaingia, watu ninaowajua toka utoto, hakuna hata mmoja aliyeshika silaha, na magoti yanagongana. Nikafanya nilichozoea. Pumzi ingia, jua. Nikaiona hofu ilivyo: koo limekauka, tumbo limekuwa maji, na mwili wote unataka kulala chini ujifiche.

Kulala chini ujifiche. Nikamkumbuka Masanja kwenye ile pamba.

Nilimkuta yuko kiunoni ndani ya shimo. Mkewe amekaa chini, na pembeni kuna kitu kidogo kimefunikwa kanga. Nikasema, "Mwangaluka, kaka." Ni salamu ya asubuhi hiyo, na ilikuwa jioni. Ndiyo iliyonitoka.

Hakuitika. Akaendelea kuchimba. Nikarudia. Ndipo akasema bila kuinua kichwa, "Usiniamkie, Jilala. Wanakuona. Watakutenga."

Mtu niliyemwombea apooze, ananilinda mimi.

Nikaingia shimoni. Jembe lilikuwa moja, tukawa tunapokezana. Tukachimba mpaka kina kikatosha. Akaegemea udongo, akasema, "Siku ile niliogopa. Niliusikia mwano vizuri. Niliogopa tu. Sina neno lingine la kukwambia."

Kwa miaka miwili nilikuwa nasubiri sababu yake. Nilishajiandalia majibu ya kila uongo ambao angesema. Hilo moja sikuliandalia, na hofu yenyewe nilikuwa nimeionja pale uwanjani muda mfupi tu uliopita.

Nikamwambia, "Uwe bila hofu, kaka." Yalikuwa yale maneno ya Sunil, sikuyapanga. Akalia mpaka akakaa chini.

Tulimzika Kabula watu watatu. Uso wake niliuona mara moja, kabla hatujamshusha. Paji la uso lilikuwa la baba.

Nililala kwa Masanja. Asubuhi tukamsikia mama nyuma ya minyaa, anaongea na mbuzi kama kawaida yake. Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hakulala.

"We mbuzi," akasema, "watoto wangu wawili wote sasa wako upande ule. Mjukuu wangu yuko chini upande ule. Mimi huku nimebaki na wewe, na wewe hujawahi kunijibu hata siku moja."

Kisha tukasikia minyaa inavunjika. Mama alipita katikati ya uzio, maziwa ya minyaa yanamchuruzika mikononi, akamshika Masanja kichwa kama mtoto mchanga.

Mkutano uliitwa siku ileile. Ilibidi mtu asimame aseme mama yetu, yule bibi mjane, atengwe pamoja na mimi. Hakuna aliyesimama.

Nikasimama mimi. Nikasema neno la kumtenga Masanja nililitoa mimi, naliomba lirudi. Wakanitoza dume la ng'ombe, likachinjwa, tukala wote, na Masanja akapewa nyama ya kwanza mbele ya watu. Kisha mzee mmoja akamgeukia akamuuliza, "Mhola?" yaani kwema? Kaka alifungua mdomo mara mbili ndipo sauti ikatoka.

Sunil mkataba wake uliisha msimu ule. Aliondoka na kandambili zake, kuku akawaachia walinzi. Sikuwahi kumsikia tena.

Nilichojifunza, wakuu. Kukaa kimya hakukunifanya mtu mwema, msije mkadanganywa na hao wa kwenye simu. Kulinipa nafasi ndogo tu ya kuona kilichomo ndani yangu kabla hakijanibeba. Nilipokiona ndani yangu, nilikitambua kwa kaka. Na tangu siku ile nalala bila sura ya mtu kichwani, kitu ambacho dawa niliyoiomba isingenipa. Ila nilichelewa, na aliyelipa ni mtoto.

Bado nakaa kila asubuhi. Masanja ni mzee sasa, tunapigiana simu, na yeye siku hizi anapita kirahisi, nimemhamishia wa pili, pembeni ya mama.

Ninayekwama naye ni wa kwanza, yaani mimi mwenyewe. Nikifika pale namkuta yule kijana aliyesimama mkutanoni, na kuna asubuhi nashindwa kumtakia heri.

Kama kuna mwenzangu aliyewahi kuvuka hapo, naomba aniandikie hapa chini alivukaje. Na wengine nanyi semeni, wa nne wako ni nani. Nasoma zote.