Kombe za Bombani

Kule kwetu Wusi, milimani, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba bomba la chuma linaweza kukabwa koo na vidudu vya maji. Hayo niliyajua Taveta, miaka ya hamsini, katika kiwanda cha shamba la mkonge. Nilikuwa msaidizi wa fundi wa injini. Injini yetu ya dizeli ndiyo iliyozungusha mashine ya kuchuna majani ya mkonge, nayo ilipoozwa kwa maji yaliyovutwa na pampu kutoka mtoni. Maji yakikatika, injini inaungua na kiwanda kizima kinakaa bure.

Fundi mwenyewe alikuwa mzee wa Pwani, Mwislamu wa swala tano, mkali kwa spana na mpole kwa watu. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye kukata mkonge juani akaniombea kazi ya kivulini. Nilikula kwake mara nyingi kuliko nilivyokula kwangu.

Jumamosi, filimbi ya saa sita ikilia, mimi nilikuwa mbio kwenda Mahoo kwenye mazoezi ya kwaya. Yeye alibaki peke yake. Jumatatu nikirudi nilikuwa naikuta sahani yake moja nyeupe imeoshwa, imeegemezwa ukutani karibu na pampu. Sikuuliza ni ya nini. Nilikuwa mjuaji, na mjuaji haulizi.

Basi dada yake akaugua Mombasa. Fundi akapewa ruhusa ya mwezi mmoja, na siku ya kuondoka akanishika bega.

"Mwanangu, injini nakuachia wewe. Mafuta wayajua, mkanda waujua. Ila Jumamosi usisahau kombe. Injini ikizimwa, kombe kwanza, ndipo ufunge mlango. Umenisikia?"

"Ndiyo, Mzee."

Kombe! Mimi kombe nililijua moja tu. Pale madukani Taveta nilikuwa nimemwona mwalimu wa chuo cha Kurani akiandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji, akampa mtoto mgonjwa anywe. Hilo ndilo kombe. Na sahani nyeupe si ile pale ukutani? Nikajiambia, kumbe mzee huwa anaisomea injini! Mimi Mkristo niliyebatizwa, mwimbaji wa sauti ya nne, niioshee injini kombe? Nilikasirika, tena nikamcheka kidogo moyoni. Lakini kumkatalia mzee usoni si adabu ya kwetu. Kwetu unasema ndiyo, halafu hufanyi.

Jumamosi nne nilifunga mlango nikaenda kuimba.

Jumanne iliyofuata maji yaliyotoka upande wa pili wa injini yalikuwa membamba kama uzi, na yalikuwa yanafuka moshi. Kabla sijaifikia kuizima, injini ilikoroma, ikakwama. Silinda ilikuwa imepasuka. Jioni ile ile fundi alishuka kwenye treni ya Voi na mzigo wake kichwani, akaja moja kwa moja kiwandani.

Alilifungua bomba pale pampuni. Ndani yalijaa magamba madogo ya rangi ya kahawia, yamebanana hata kidole hakipiti. Yalikuwa yameingia yakiwa machanga, yakapenya chujio, yakakulia humo humo. Aliichukua sahani nyeupe akaanza kuyakwangulia ndani yake.

"Hukutoa kombe," alisema.

"Hizi ndizo kombe?"

"Ndizo. Kwetu Pwani magamba kama haya ya vidudu vya majini ndiyo kombe; sasa ulidhani kombe gani?"

Nikamweleza. Nilitaraji acheke. Aliiweka sahani chini, akanitazama.

"Mwaka mzima umekula kwangu, na neno moja likakushinda kuniuliza?"

Nilipiga magoti, nikaanza kuyakwangua pamoja naye.

Bwana mkubwa wa shamba alikuja asubuhi, amevimba kwa hasira, akauliza nani amemuulia injini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijua jibu, lilikuwa maneno mawili tu: ni mimi. Nikafikiria jua la kwenye mkonge, nikajisogeza nyuma, kivulini.

"Ni mimi, bwana," fundi akasema. "Sikumfundisha vizuri."

Wiki ile ile aliachishwa kazi. Mimi nilibakizwa, na injini ilipotengenezwa nikakabidhiwa.

Nilimbebea mzigo hadi stesheni. Nilitaka kuomba radhi, lakini kila nililolipanga lilikwama. Alipanda, akachungulia dirishani.

"Jumamosi, mwanangu. Kombe."

"Ndiyo, Mzee," nikasema, maneno yale yale. Treni ikaondoka kuelekea Voi, nami nikarudi kufungua bomba, ingawa ilikuwa Alhamisi.