Mgeni wa Mstari Mweupe

Wewe cheka tu. Hata majirani walianza kwa kucheka, na sasa hakuna anayenitembelea saa nane mchana. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho, nimeshiba, na sijaonja hata tone la kitu.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa nyumbani. Hata sokoni Nunguni naenda nikisukumwa na mke wangu, Nduku. Kwa hivyo gari la watafiti wa chuo kikuu lilipoharibika, wakaenda mji wa Wote kutafuta fundi, mrija wao waliniachia mimi. Kazi ya kukaa ndani naijua.

Ulikuwa mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, mrefu kunishinda, umejaa tope la chini ya ziwa letu dogo. Mwende, binti aliyewaongoza, alitueleza: tope jipya hulala juu ya la zamani, na ziwa likikauka chumvi na chokaa hubaki kama mstari mweupe. Wakipima madini hayo watajua mvua ilipotea lini, na kwa muda gani. Kamati yetu ya maji ilingoja jibu hilo kabla ya kuchimba mfereji wa kutoa maji humo. Je, ziwa hili linaweza kututoroka?

"Usiulaze, usiutikise," Mwende akaniambia. "Tope likichanganyika, hatutajua kitu."

Karibu na chini kulikuwa na mstari mnene kama kiganja. Sasa, sisi Wakamba kila njaa kubwa, yaani yua, huwa na jina, na wanaoipa jina ni walioponea. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Hiyo ni Yua ya Nduku, siku ile aliyoniachia sufuria tupu akaenda mjini Sultan Hamud." Watafiti wakacheka, wakaondoka.

Saa nane, Nduku akiwa shambani, mama mzee akasimama mlangoni, visigino vyeupe, vimepasukapasuka. Akaomba maji. Nikamletea kikombe, akanyanyua mtungi wa lita ishirini, akaumaliza bila kupumua. Niamini. Ningekuwa natunga, si ningesema lita tano?

Kisha akaweka kidole kwenye ule mstari mnene.

"Hii si ya Nduku. Haina jina. Wangu walihama wakaniacha hapa. Nani alibaki aipe?"

Nikausogelea mrija.

"Vunja, mwanangu. Hawa wakiisoma, na nyinyi mtahama. Nitabaki na nani?"

Nilimwonea huruma, sikufichi. Lakini wanangu watatu wanakunywa ziwa hilo. Nikaukumbatia mrija wima, kama mlevi na nguzo.

"Susu," nikamwita, yaani bibi kwa Kikamba, "maji maliza yote. Huu sikupi!"

Akavuta. Nikavuta. Ulimi wangu ukakauka kama ngozi ya mbuzi juani. Mwishowe akaachilia. "Basi tutakunywa pamoja," akasema, akaenda ziwani akiacha nyayo za chokaa.

Mrija ulifika chuoni mzima. Jibu likarudi: ziwa liliwahi kukauka kwa muda mrefu kuliko maisha ya mtu. Kamati ikaacha mfereji, tukajenga matangi ya mvua. Hakuna aliyehama.

Ila mimi, kila saa nane, hushikwa na kiu. Nakunywa ndoo nzima, na tumboni naona inafika nusu; nusu nyingine ni yake.

Akija kwako, mpe maji na umwite susu. Lakini akitaka uharibu kitu ambacho watu wako wanahitaji kujua, kishike kwa mikono miwili, maana ana nguvu. Atakuachia kiu. Mimi ninayo, nimekaa mlangoni kwangu, na sihami.