Fundi Kimya na spika tano za nyumba ya Refa

Saa mbili na nusu asubuhi, na Fundi Kimya amelala chali katikati ya sebule ya watu, viatu ameviacha mlangoni, mikono kifuani. Mgeni akiingia sasa hivi anaweza kuanza kutoa pole.

"Friji," anasema, macho ameyafumba. Kimya. "Bomba la jikoni, halijafungwa vizuri." Kimya tena. "Na kuna mtu anatafuna."

"Ni mimi," anajibu mwenye nyumba kutoka kwenye kochi la dirishani. "Mkate wangu, meno yangu, nyumba yangu."

"Tafuna tu, mzee wangu. Nilitaka kujua unasikika mpaka wapi."

Hiyo ndiyo kazi yake. Ana miaka arobaini na mitatu, na anafunga spika majumbani ili sauti moja isikike vyumba vyote kwa wakati mmoja. Jina alipewa na wateja. Kabla hajatoa hata bisibisi, huwaomba watu wote wa nyumba wanyamaze dakika tano ili aisikilize nyumba yenyewe.

"Mke wangu anasema nimekosea njia, ningekuwa mwalimu wa darasa la kwanza," anasema akiinuka na kujikung'uta mgongo.

Kwa miaka kumi na mmoja aliuza spika dukani. Huko ndiko alikojifunza namna watu wanavyochagua vibaya. "Mtu anaingia, anaipigapiga spika mgongoni kama anachagua tikiti maji, halafu anasema nipe ile kubwa. Dukani kila spika inaimba vizuri, kuna zulia, kuna mapazia. Akifika kwake, chini vigae, ukuta mtupu, spika inabweka. Kesho yake anarudi kunigombeza mimi, si vigae."

Miezi kumi na minne iliyopita aliacha duka, akaanza kwenda kwenye vigae mwenyewe. Tangu hapo amefunga nyumba tisa. Mbili kati ya hizo zilimwambia ang'oe kila kitu.

"Ya kwanza walikuwa na haki," anakiri bila kulazimishwa. Alichanganya spika zisizo na waya za aina mbalimbali, na ya jikoni ikawa inachelewa kidogo. "Mpira ukichezwa, goli linaingia sebuleni, halafu linaingia tena jikoni. Mama mwenye nyumba akaniuliza, fundi, hii mechi ni moja au mbili?"

Tangu siku hiyo anatumia waya. Wanaomcheka kwamba amepitwa na wakati huwaambia wahesabu magoli.

Nyumba ya leo ni ya kumi, na mwenyewe ni mwamuzi wa mpira aliyestaafu. Ana miaka sabini na minne, na mtaa mzima humwita Refa, hata wasiojua mpira. Kwa miaka ishirini na tisa mashabiki walimpigia kelele kwamba haoni. Sasa kweli haoni vizuri. Anatofautisha mwanga na giza, na watu kwa vivuli vyao.

"Hawakukosea," anasema Refa. "Waliwahi tu."

Macho yalipopungua, redio ndogo ya mkononi ilichukua nafasi. Aliishika kutoka asubuhi hadi anapolala, akienda nayo jikoni, chumbani, barazani. Mwezi wa tatu mwaka huu aliteleza koridoni. Mkono wa kulia ulikuwa na redio, wa kushoto kikombe cha chai, na ukuta ukakosa wa kuushika. Alilala kitandani siku kumi na tisa kwa maumivu ya nyonga.

"Redio haikupata hata mkwaruzo," anasema binti yake, ambaye ni muuguzi. "Nilimkuta sakafuni ameishikilia juu kama kombe."

Binti huyo ndiye aliyemtafuta fundi, kwa ombi ambalo hakuwahi kulisikia dukani. "Nilimwambia sitaki muziki, sitaki kutingisha madirisha. Nataka mikono ya Baba iwe mitupu."

Refa naye aliweka sharti lake. Leo saa tisa alasiri kuna mechi. Atatembea nyumbani kwake kama kawaida, redio akiiacha kwenye kochi. Akipotelewa na neno moja kati ya chumba na chumba, waya zing'olewe na yeye arudi kwenye redio yake. Duka lililompa fundi vifaa vya majaribio limempa siku saba. Leo ni ya sita.

Kabla ya kuchagua chochote, Fundi Kimya alimfuata Refa siku tatu akiwa na daftari. Aliandika wapi anakaa, wapi anasimama, wapi anageuka. Binti alikuwa ameshapenda spika za kwenye picha, ndefu kama mtoto wa miaka sita. Fundi akamtoa huko taratibu.

"Dada, kubwa moja inabidi ipige kelele ndipo isikike jikoni. Ndogo tano zinaongea kama watu wa nyumbani."

Basi zikawa tano, kila moja upana wa sahani ya chai: sebuleni, jikoni, chumbani, barazani, na moja koridoni. Hiyo ya koridoni ndiyo aliyoipigania. "Watu huisahau korido kwa sababu hakuna anayekaa pale. Lakini mzee haangukii kwenye kochi, anaangukia njiani." Bafuni Refa alikataa katakata: huko, alisema, anakwenda kuwakimbia watangazaji.

Waya zote zinakutana kwenye mashine moja sebuleni, na mashine inapokea matangazo kwa intaneti. Kwa majaribio, fundi alimrekodi binti akisoma karatasi ya maelezo ya dawa, kuanzia kipimo hadi madhara. "Muziki unaficha makosa," anasema. "Karatasi ya dawa haifichi kitu." Siku mbili mfululizo nyumba hiyo imesikiliza kichefuchefu na kizunguzungu katika vyumba vitano, bila neno hata moja kupotea.

Saa tisa inafika. Sauti ya mtangazaji inatoka safi, haina mikwaruzo, utadhani amekaa juu ya meza. Refa anainuka mikono mitupu. Anapita koridoni, kiganja kikisugua ukuta, anaingia jikoni, anarudi. Binti yuko nyuma yake hatua mbili, akijifanya anatafuta kitu.

Dakika ya ishirini na mbili, kelele zinapasuka ng'ambo ya ua. Watu wanashangilia, sufuria inapigwa. Ndani ya nyumba, mtangazaji bado anasema mpira uko katikati ya uwanja.

Refa anasimama palepale koridoni. "Hao wanashangilia nini?"

Fundi anatazama saa yake. Sekunde thelathini na nne zinapita, ndipo mtangazaji anapayuka: goli!

"Kijana," anaita Refa. (Fundi ana kipara, lakini kwa Refa kila aliye chini ya miaka sitini ni kijana.)

"Naam, mzee wangu."

"Mimi na jirani yangu tunasikiliza mechi moja?"

"Moja, mzee."

"Mbona yake imeanza mapema?"

Fundi Kimya anajua jibu, na uso wake unaonyesha kwamba amelijua sasa hivi. Matangazo ya intaneti huzunguka njia ndefu kabla ya kufika. Redio ya kawaida huyadaka moja kwa moja hewani. Ukisikiliza nyimbo huwezi kugundua. Kwenye mpira, jirani mwenye redio ya bei rahisi anageuka nabii. Na karatasi ya dawa ingemwonyesha nini? Hakuna jirani anayeshangilia kizunguzungu.

"Kadi ya njano," anasema Refa. Anarudi kwenye kochi, anapapasa, anaichukua redio yake, anaiwasha. Kisha anainuka nayo kuelekea jikoni, mkono wa kulia umeshika redio, wa kushoto unatafuta glasi. Binti anaacha kujifanya. Anamfuata ametanua mikono, kama anayekimbiza kuku.

Kipindi cha kwanza kinaisha. Mapumziko ni dakika kumi na tano. Fundi anapiga magoti mbele ya kochi.

"Mzee wangu, naiomba redio."

"Uifanyie nini?"

"Niiunganishe na mashine. Iseme yenyewe, vyumba vyote."

"Ukiiharibu?"

"Nitakuwa nimeharibu mawili kwa siku moja."

Refa haiachii. Kidole gumba kinazunguka kwenye gurudumu la stesheni bila kulisukuma.

"Baba," anasema binti.

"Nasikia."

"Mpe, Baba. Dakika zinakwenda."

Anaitoa polepole. "Hapa usiguse. Stesheni hii iliwekwa na mama yake huyu, na haijasogezwa tangu hapo."

Tundu la hedifoni limejaa vumbi la miaka. Fundi analichokoa kwa njiti ya kiberiti. Anachomeka waya. Sauti inakuja, lakini na mkwaruzo mkali, kama mtu anakaanga mbele ya maikrofoni. Dakika ya kumi na moja ya mapumziko. Anabadilisha waya, bado. Anaipandisha antena, bado. Kisha anaiinua redio, anaisogeza mbali na waya wa umeme wa mashine, urefu wa mkono mmoja hivi, na kukaanga kunakoma.

Anaiegesha dirishani na kuondoa mikono yake kama mtu aliyemlaza mtoto.

"Huyo sasa namjua," anasema Refa, mtangazaji anaporudi hewani. Sauti si safi kama ile ya mwanzo. Inatokea puani kidogo. Hakuna anayelalamika.

Kipindi cha pili Refa anatembea zaidi ya wachezaji. Sebuleni, jikoni, chumbani, hana sababu yoyote; anatafuta neno lililopotea. Dakika ya themanini na moja yuko koridoni, viganja vyote viwili ukutani, mtangazaji anapopayuka kuwa wamesawazisha. Ng'ambo ya ua, kelele zinapasuka papo hapo.

"Ameotea!" anafoka Refa.

Anaifuata korido hadi mlangoni, anatoka barazani peke yake, anamwita jirani. "Ameotea yule! Hilo si goli!"

"Refa, umemwona wapi?" anajibu jirani kutoka ng'ambo.

"Nimemsikia! Pasi imetoka yeye ameshafika!"

Wanabishana mpaka filimbi ya mwisho. Mikono ya Refa yote miwili iko hewani, inaonyesha mstari, inaonyesha beki, inaonyesha mshambuliaji mjanja. Binti amesimama mlangoni, amejifunika mdomo. Tangu mwezi wa tatu anafanya zamu za nusu siku ili amwangalie baba yake. Jumatatu, anasema, atamwambia msimamizi wake arudishwe zamu kamili.

"Waya zibaki," Refa anatoa uamuzi akirudi ndani. "Lakini kadi yako iko palepale."

Fundi ameshaandika daftarini swali ambalo kuanzia sasa atalitanguliza kwa kila mteja, kabla ya idadi ya vyumba na kabla ya ukubwa wa spika: unasikiliza nini, na kupitia nini?

Ana jambo jingine kichwani. Anataka kukodi nyumba ya vyumba vinne, yenye vigae na kuta tupu kama za watu, aitumie badala ya duka. Mteja aje na mzee wake, aje na redio yake, azunguke mchana kutwa kabla ya kununua chochote. "Nataka mtu achague kwa miguu," anasema. Nyumba ameshaiona moja, na mwenye nyumba anataka jibu kabla ya Ijumaa.

"Naomba Alhamisi twende wote, mzee wangu," anamwambia Refa. "Uitembee kwanza wewe. Ukisema inafaa, nakodi."

Refa anaketi kwenye kochi lake.

"Nitakuja," anasema. "Ila ukuta nitaushika mwenyewe. Mtu asinishike mkono."