Nilichagua Pa Kuingilia, Pa Kutokea Sikupatazama

Kosa ni langu. Naanza hivyo kwa sababu kwa miaka minne watu wa nyumbani kwetu wamekuwa wakimbebesha mtu mwingine, na mimi nimekaa nikitazama, mdomo umejaa nyama.

Jina langu sitaandika. Mjue tu kwamba mimi ni mtu wa Tanga, naishi Troyeville, Johannesburg, na kazi yangu ni kujaza mitungi ya hewa kwenye duka la vifaa vya kuzamia huko Randburg. Ndiyo, duka la kuzamia, kwenye mji usio na hata ziwa la maana. Ukiwaambia Watanzania wa hapa kwamba wewe ni mzamiaji, wanakuuliza ulijificha kwenye meli gani. Mimi nilikuja kwa ndege, cheti cha ndoa mfukoni.

Mke wangu alizaliwa Morogoro, kwa wazazi waliokimbia ubaguzi wa huku. Mambo yalipobadilika wakarudi kwao, nami nikamfuata mke. Nyuma yangu niliacha ujana mzima wa chini ya maji: jongoo bahari, kamba koche, halafu watalii. Ningependa kusema sijisifu, lakini kujisifu ndiyo dhambi yenyewe ninayoungama. Nilijiona kwamba mji mzima huu hakuna anayeijua bahari isipokuwa mimi.

Na niliwadharau, tena sana. Wazamiaji wa Joburg wanajifunzia kwenye shimo la machimbo ya zamani lililojaa maji. Chini kuna gari bovu walilolizamisha wenyewe, ili wapate kitu cha kutazama. Wanalizunguka gari lile Jumamosi nzima, wanapanda juu vichwa vimevimba, wanapigana picha. Mimi nawajazia mitungi na kutabasamu, moyoni nasema, hawa wakiona bahari watalia.

Aliyenikera kuliko wote alikuwa shemeji yangu, Vusi, mdogo wake mke wangu. Vusi alikuwa fundi wa lifti. Wiki nzima ananing'inia kwenye mashimo ya maghorofa ya mjini, na Jumamosi anakwenda kwenye shimo jingine lenye maji. Kiswahili chake cha Morogoro kilikuwa safi, tukizungumza vizuri tu. Lakini alikuwa na daftari.

Daftari lile lilinichefua. Lilikuwa na jalada gumu jeusi na raba ya kulifunga. Kila mahali alipotaka kuzamia kule upande wa baridi wa Rasi, kusini kabisa mwa nchi, kwenye pwani ile ya majabali, alikuwa ameshapiga simu kuuliza wenyeji na kuandika ukurasa mzima. Pa kutokea wapi. Pa kutokea pa pili wapi, kama pa kwanza pamekataa. Mawimbi yanatoka upande gani. Halafu mwisho kabisa, chini, ndipo anaandika pa kuingilia.

Nilimcheka mbele ya wateja. "Wewe hujaingia, umeshaanza kupanga kutoka? Bahari inasomwa kwa macho, haisomwi kwa daftari."

Hakukasirika. Vusi hakuwa mtu wa kukasirika, na hilo nalo lilinikera. "Shem, kwenye shimo la lifti ndivyo tunavyofanya," akasema. "Kwanza ujue utatokea wapi, ndiyo ushuke."

"Bahari siyo lifti," nikamjibu, na wateja wakacheka. Nilirudi kwenye mitungi yangu nikiwa nimefurahi siku nzima.

Desemba ile tukaenda Rasi, sisi wawili, na gari lake. Baba mkwe, anayekaa Turffontein, alituaga mlangoni. Alinishika mkono, akaniita mkwe kwa lugha yao: "Mkwenyana, huyu mtoto wangu nakukabidhi. Wewe ndiye mtu wa maji." Nikaitikia. Hata sikufikiria nimeitikia nini.

Mahali alipochagua Vusi kwa ajili ya asubuhi ya kwanza palikuwa pabaya kwa sura. Kijighuba cha kokoto nyuma ya rasi ndogo, maji ya kijivu, mwani mrefu umejazana juu juu unanuka. Yaani siku nzima njiani ili tuje kuogelea kwenye mchicha? Nikamwambia twende mbele kidogo.

Mbele, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, nikaona jabali pana, bapa, limeingia baharini. Pembeni yake maji yameshuka moja kwa moja kwenye kina, meusi na safi, unaona mwani umesimama kutoka chini kabisa. Upepo hakuna. Maji yametulia kama mafuta ya nazi kwenye chupa. Nikasema, hapa.

Nilikuwa na hesabu yangu, msidhani sikuwa nayo. Mwezi ulikuwa wa siku nane. Kwetu mwezi wa siku nane ni maji mafu, bahari haina nguvu, haipandi sana wala haishuki sana. Upepo hakuna na maji mafu: mtu wa Tanga anataka nini tena? Hesabu ile babu zangu waliishi nayo.

Ila babu zangu walikuwa na mwamba mbele yao unaovunja mawimbi kabla hayajafika pwani. Kule Rasi hakuna mwamba wa kukukinga. Dhoruba inapiga mbali kusini, usikoweza hata kuona wingu lake, na mawimbi yake yanasafiri siku mbili tatu yakufikie wewe uliyesimama kwenye jua bila upepo. Tena yanakuja kwa mafungu. Fungu likishapita, maji yanatulia robo saa nzima, na mpumbavu anaona ziwa. Hayo yote yalikuwa kwenye daftari. Ukurasa wa kwanza.

Vusi alilitazama lile jabali, akatazama maji, akafungua daftari, akalifunga. "Shem, tukae nusu saa tutazame."

"Tutazame nini, rangi?"

"Eish. Tutazame tu."

Nilikaa dakika nne. Nilizihesabu kwa saa ya mkononi ili nimwonyeshe jinsi alivyokuwa akinipotezea muda. Kisha nikasimama nikaanza kuvaa ile suti ya mpira. Nikamwambia kama anaogopa arudi kwenye shimo lake, gari bovu linamngoja.

Akaliinamia begi lake kidogo. Halafu akasema, "Sharp, shem. Wewe ndiye mtu wa bahari." Akavaa.

Kuingia kulikuwa rahisi. Tulisimama kwenye ukingo wa jabali tukaruka, basi. Baridi ilinishika kichwa kama nimepigwa kofi, nikajikaza. Chini palikuwa pazuri, siwezi kusema uongo. Msitu wa mwani, jua linashuka katikati yake, samaki wanapita taratibu. Nikawaza, ona, na huyu alitaka anipeleke kwenye mchicha.

Tulikaa nusu saa. Tulipopanda juu, bahari ilikuwa nyingine.

Upepo bado hakuna, jua lile lile, lakini maji yalikuwa yanapanda jabali zima na kushuka, yanaliacha uchi urefu wa watu wawili, likichuruzika. Chini ya ukingo, pale ambapo hatukuona kitu wakati wa kuingia, kulikuwa na ufa mrefu umejaa kome, maji yanaingia na kutoka kwa kishindo.

Mimi nilitangulia. Wimbi likanibeba likanitupa juu, nikang'ang'ania kwa kucha, nikatambaa. Bahati tupu. Lakini pale juu sikusema bahati. Niligeuka nikiwa nimeshajiona shujaa.

Vusi alikuwa nje, mbali na jabali, ameshika mwani asisukumwe. Alikuwa ametulia. Akanyoosha mkono kuonyesha kulia, nyuma ya ile rasi ndogo, kule kwenye kokoto. Alitaka kuogelea azunguke. Hewa alikuwa nayo na nguvu alikuwa nazo, maana mapafu ya mpanda maghorofa si mchezo. Angefika bila shida.

Nami nikamkatalia kwa mkono. Nikaona aibu, mnajua? Kwamba nirudi Joburg, asimulie dukani kwamba tulitokea kwenye pa kutokea pa pili pa daftari lake. Nikapiga kelele, "Njoo hapa, mtu wa shimo! Unasubiri lifti?"

Akaja.

Wimbi la kwanza lilimleta vizuri. Alipogusa ukingo likaondoka chini yake, akaporomoka kwenye ule ufa, mguu wa kulia ukatangulia. Wimbi la pili likamkandamiza humo akiwa na mtungi mgongoni na mkanda wa vipande vya risasi vya kuzamishia kiunoni. Mlio wa goti niliusikia. Nilikuwa nimesimama hatua tatu, kwenye jiwe kavu, na niliusikia.

Sitaki kujipamba kwa niliyofanya baadaye. Nilishuka, nikamfungua mkanda, nikamshika kichwa kisizame. Wanaume wawili waliokuwa wakitafuta chambo walikimbia wakatusaidia kumvuta. Mmoja aliniuliza nani alituambia tuzamie hapo, maana watu wa pale hawatokei hapo. Nikainama nikajifanya navua viatu.

Hospitali walimpasua goti mara mbili. Baba mkwe alipiga simu nikiwa pembeni ya kitanda. "Mkwenyana, nani alichagua mahali hapo?"

Nilikuwa na jibu la neno moja, herufi nne, na sikulitoa. Vusi alikuwa ananitazama. Akanyoosha mkono, akachukua simu.

"Ni mimi, baba," akasema. "Shem alikataa, nikamlazimisha. Angekuwa si yeye, ningekufa."

Akanirudishia simu. Akageukia ukutani. Hakuwahi kuniambia kwa nini. Nadhani alimfikiria dada yake, ataishije na mume ambaye baba yake hataki kumwona. Mimi sikumfikiria mtu. Nilishusha pumzi.

Tuliporudi, baba mkwe alichinja mbuzi. Kwao mtu akiokolewa kwenye kifo, wazee wa ukoo waliotangulia wanaambiwa, na aliyemwokoa anashukuriwa. Nikakalishwa mbele ya watu. Nikavishwa blanketi jipya mabegani na mama mkwe mwenyewe, huku analia. Nikapewa nyama kwanza, kabla ya wazee. Vusi alikuwa kwenye kiti kando ya mlango, mguu umenyooshwa kwenye kreti la soda, na baba yake anamwambia mbele ya wote, "Wewe husikii. Mtu wa maji amekwambia, husikii."

Nikatafuna. Ilikuwa nyama laini, imeiva vizuri. Nilimaliza sahani.

Kazi ya lifti ilikwisha. Goti halikunjiki, na mtu asiyekunja goti hashuki kwenye shimo. Sasa anakaa ofisini, anapokea simu za watu waliokwama kwenye maghorofa na kuwatuma vijana aliowafundisha yeye. Kila kikao cha familia baba yake anamrudia na neno lile lile, husikii. Mimi naitwa mwanangu. Nikikohoa tu, naletewa chai.

Mwezi uliopita Vusi alihama, akaleta boksi la vifaa vyake tuviuze dukani. Ndani yake mlikuwa na daftari. Sijui alilisahau au aliliacha. Nikalifungua pale Randburg, nimesimama kati ya mitungi.

Jabali lile lilikuwa na ukurasa wake. Alipajua. Alikuwa ameshaulizia kabla hatujatoka Joburg. Kwa mwandiko wake wa kifundi, herufi kubwa kubwa, ameandika: Kuingia rahisi. Kutoka hakuna. Tusiguse.

Chini yake, kwa kalamu nyingine, asubuhi ile bila shaka, nilipokuwa navaa suti na kumcheka: Shem anapapenda. Nisimwaibishe.

Nimemdharau mtu yule miaka yote kwa daftari lake, na ndani ya daftari alikuwa ananilindia heshima. Nikitafuta leo cha kudharau, nikisimama mbele ya kioo nakipata.

Ninyi mnaosoma, hasa ninyi mliokulia pwani mnaojiona mnayajua maji yote ya dunia, nawaomba. Ukifika bahari ya ugenini, keti chini. Keti nusu saa, keti saa nzima, hata wenzako wakucheke. Tafuta kwanza utatokea wapi, na kama pakikataa utatokea wapi tena. Usipopaona, funga mzigo wako urudi nyumbani. Na anayekuandikia hayo kwenye daftari msikilize, hata kama kuzamia alijifunzia shimoni.

Najua mtakachosema. Mtasema mtu anayeungama bila jina bado anajificha. Kweli kabisa. Lakini baba mkwe aliishi Morogoro miaka ishirini, anasoma Kiswahili vizuri kunishinda, na macho yake ni mazima. Ukurasa huu ukitoka gazetini, Jumapili nitaukata niende nao Turffontein. Nitamwomba Vusi awepo. Nitamkabidhi mzee asome kwa sauti, nami nitakaa pale pale nilipokaa siku ya mbuzi, na blanketi nimelikunja mapajani, tayari kulirudisha.