Mbu wa Nyika, Nyumba za Mlimani

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kuwauliza wagonjwa kwao ni wapi na kuishia hapo. Ni miaka hii ya vijiji vya ujamaa, nami ni karani wa zahanati moja ya mlimani, Lushoto; darasa la saba tu, mengine nilijifunza mwenyewe kwenye vitabu vya kuazima. Niliogopa kukosea kiasi kwamba ukurasa wenye doa niliuandika upya wote. Kwenye daftari hilo safi, malaria ilijaa kijiji cha juu kabisa, penye baridi isiyotaka mbu. Sikushtuka. Nilikuwa nafurahia mistari ilivyonyooka.

Bwana Afya, mkubwa wangu, akaifuata hesabu hiyo, akaomba dawa ya mbu ikapulizwe nyumba za kule juu. Dawa yenyewe ilitosha sehemu moja tu.

Siku chache baadaye akaja bibi mmoja anatetemeka, homa ya pili mwezi ule. Nilimwamkia, nikamuuliza kwao.

"Si umeshaandika, mjukuu wangu? Kwetu ni huku juu, alikozikwa mume wangu. Lakini mahindi yangu yako nyika, kule chini kwenye joto, na nguruwe wanayataka. Tangu yabebe nalala kibandani nayalinda. Mbu wa kule hawajaniuliza kwetu."

Niliona aibu. Mama yangu mwenyewe alilima nyika, karibu na Mazinde, akalala huko kila msimu. Nililijua jambo hilo tangu utotoni, ila daftari halikuwa na nafasi yake, nami nikaliamini daftari.

Nikapita nyumba kwa nyumba, nikiuliza kila aliyeugua alilala wapi kabla ya homa. Karibu wote: nyika.

Bwana Afya hakutaka kusikia. Taarifa ilishafika wilayani, akasema, na karani hamfundishi mkubwa wake kazi. Akataja uhamisho. Nikaiweka hesabu yangu mpya mezani pake.

"Kosa ni langu, mzee, na sitalinyamazia. Mkipuliza huku juu, yule bibi atafia kule chini."

Alinifukuza ofisini. Nikanakili hesabu mpya bila majina ya wagonjwa, nikaibandika mlangoni pa ofisi ya kijiji. Kwenye mkutano wa kijiji wanawake wenye mashamba ya nyika walisimama mmoja mmoja, hawakukaa mpaka mwenyekiti alipokubali dawa ishushwe nyika.

Dawa ilipulizwa vibandani. Uhamisho haujaja; ukija, nitakwenda. Daftari sasa lina safu mbili: mgonjwa anakaa wapi, na alilala wapi kabla ya kuugua.