Pale Wanapolia Watu

Mtoto anachemka mgongoni, nami mgeni Mwanza, zahanati sizijui. Nikamwuliza bibi muuza dagaa pale Mirongo.

"Shikamoo bibi, mtoto ana homa, nimpeleke wapi?"

"Marahaba. Teremka mpaka wanapolia watu, daktari yuko mlango wa pili."

Wanapolia! Nikajua ananielekeza msibani. Nikashuka mbio, namgusa mwanangu nijue kama bado anapumua, nikakuta mabenchi na watu wanakula ugali kwa sato. Shuleni tulifundishwa neno hilo lina maana mbili. Mwenye hofu husikia moja tu.

"Nikupakulie?" akauliza mama ntilie.

"Namtaka daktari!"

"Si huyo anayemalizia kichwa cha samaki?"

Daktari akanawa, akamshika mtoto shingo. "Umewahi, mama. Ila mvue hilo blanketi, unampika."